Salsa ya embe na nanasi kwa wageni 40: kwa nini inajaa maji, na je, ndimu inatosha?

"Habari mtaalamu. Jumamosi ijayo tuna shughuli nyumbani Kahawa West, wageni kama 40, na mbuzi atachomwa. Nimechoka na kachumbari ile ile kila mara, nataka kuandaa salsa ya embe na nanasi. Wiki iliyopita nilijaribu kidogo: embe, nanasi, nyanya, kitunguu, dania, pilipili, ndimu na chumvi. Baada ya saa moja bakuli lilikuwa limejaa maji. Kufika jioni ladha ilikuwa na uchungu, na ulimi ulikuwa unawasha. Mdogo wangu akachanganya mtindi ili apoze pilipili, ikazidi kuwa chungu. Iliyobaki niliitia kwenye friji, siku ya tatu nikaikuta na povu. Mama mkwe ananiambia niitengeneze Alhamisi na nikamulie ndimu za kutosha, kwa kuwa ndimu inaua vijidudu vyote. Jirani anasema niloweke matunda kwenye maji ya chumvi. Nimsikilize nani? Na nikishaizoea, ninaweza kuitia kwenye chupa niuze?"

Asante dada. Nianze na lile litakalokuondolea wasiwasi: hukukosea mapishi. Embe, nanasi, kitunguu, dania, pilipili na ndimu ni mchanganyiko mzuri, na ukiwekwa kando ya nyama ya mbuzi utaisha kabla ya kachumbari ya kawaida. Kilichokuponza ni saa. Ulichanganya mapema mno, na sasa unashauriwa uchanganye mapema zaidi. Alhamisi haiwezekani. Hata Ijumaa usiku ni mapema. Salsa mbichi ya matunda huchanganywa siku ile ile, karibu na saa ya kula. Kinachoweza kutangulia ni maandalizi tu.

Tuanze na maji. Tunda bivu limejaa maji yaliyofungiwa ndani ya seli zake. Ukilikata, kisu hupasua seli zilizo pembeni na maji yake yakamwagika hapo hapo. Ukinyunyiza chumvi, maji ya seli ambazo bado ni nzima huvutwa nje kuelekea kwenye chumvi, na hayaachi kutoka mpaka ukali wa chumvi ndani na nje ya seli ukaribiane. Sukari ya embe na ya nanasi, ikishayeyuka kwenye majimaji yaliyo bakulini, inasaidia kuvuta. Ndiyo maana bakuli lako lilijaa ndani ya saa moja ingawa hukutia hata tone la maji. Hayo hayakuwa dalili ya kuharibika. Ukiyaonja mapema ni matamu sana, na mimi humiminia nyama. Ila vipande vinabaki vimenywea na ladha yote imehamia chini.

Dawa yake inaanza sokoni. Usichukue embe lililolainika hadi linabonyea. Chukua lililoiva likanukia lakini bado limekaza, likikubali kidole kidogo tu karibu na kikonyo. Kwa kazi hii ningechagua apple au ngowe, kwa sababu hayana nyuzinyuzi nyingi na yanakatika vizuri. Tommy linavumilia safari na linakaza, lakini utaokota nyuzi menoni. Yale ya kienyeji, matamu yalivyo, yaache ya kunyonywa. Ukipata maembe mabichi kidogo Marikiti mapema wiki hii, yanunue tu na uyaweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu: embe huendelea kuiva baada ya kuchumwa, na gesi inayotoka kwenye ndizi huliharakisha. Ukiyaivisha mwenyewe hivyo, hutakuwa na haja ya kujiuliza yaliivishwa kwa kabaidi au la. Nanasi halina tabia hiyo. Lilivyochumwa ndivyo lilivyo. Litalainika na kubadilika rangi jikoni kwako lakini utamu hautaongezeka, kwa hiyo nusa upande wa chini kabla ya kulipa. Tikiti maji usilitie kabisa, hata mama mboga akikupunguzia bei. Ni maji matupu, na halina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria.

Nyumbani, kata vipande vya ukubwa wa sentimita 1 hivi. Vidogo kuliko hapo vinatoa maji haraka kwa sababu umepasua seli nyingi zaidi. Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinaponda. Nyanya na tango zitoe mbegu na ule ute wa katikati. Nanasi lililokatwa liache kwenye chujio dakika 20, na juisi inayodondoka mnywe wapishi. Chumvi na ndimu zisiguse matunda mpaka zimebaki dakika 15 watu waitwe mezani.

Sasa uchungu na ule muwasho. Huo ni ukorofi wa nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Ulimi wako umefunikwa na protini, hivyo kinaanza kuutafuna wewe unapolitafuna nanasi. Kiini kigumu cha katikati kinacho kwa wingi, kwa hiyo kitoe chote. Mtindi nao umejaa protini za maziwa. Bromelini ikizikuta inazikata vipande vidogo vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Mdogo wako alikuwa na wazo zuri, kwa kuwa ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, na maziwa hunyakua ukali huo vizuri. Alikosea bakuli tu. Mtindi uweke kando, kila mtu ajipakulie kwenye sahani yake na kula papo hapo, hautapata muda wa kuwa mchungu.

Uchungu mwingine huenda ulitoka kwenye ndimu yenyewe. Juisi ya jamii ya ndimu na machungwa ikikaa saa kadhaa baada ya kukamuliwa huanza kuwa chungu, na ukikamua kwa nguvu hadi ganda likapindukia, unaongeza mafuta ya ganda yaliyo machungu. Kamua kwa kiasi, na kamua mwisho.

Bromelini haipendi joto. Ikishapita nyuzi 70 inakufa, ndiyo maana nanasi la mkebe haliwashi ulimi. Na wewe Jumamosi utakuwa na makaa tayari! Kata nanasi duara zenye unene wa kidole, zipange juu ya wavu dakika chache kila upande hadi ziwe moto mpaka ndani na zipate mistari ya kahawia, ziache zipoe, kisha ukate vipande. Muwasho unakwisha, maji yanapungua, sukari inaungua kidogo na kuleta ladha ambayo nanasi bichi halina. Hili ndilo ningefanya hata kama ulimi usingewasha. Sharti moja tu: nanasi litangulie kwenye wavu safi kabla nyama mbichi haijaugusa. Ukihofia kwamba mchomaji atakuzuilia wavu (wachomaji tunawajua), tumia kikaango kikavu jikoni kwako asubuhi.

Tuje kwa mama mkwe, na hapa nakuomba uende naye polepole, maana hajasema upuuzi. Bakteria wa kipindupindu hawapatani kabisa na uchachu. Huko Guinea-Bissau, katika miaka ya 1990 wakati wa mlipuko, watafiti waligundua kwamba watu waliokamulia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kipindupindu kwa uchache kuliko wasiokamulia. Kwa hiyo desturi ya wazee wetu ina msingi. Inapozidi mpaka ni pale inaposemwa kwamba ndimu inaua vyote. Bakteria wengine wa tumbo, kama salmonela na aina fulani za E. koli, huvumilia uchachu kwa saa nyingi, hata siku. Virusi vya homa ya ini aina ya A, vinavyotoka kwenye mikono isiyooshwa baada ya choo, havishtushwi na ndimu. Tena uchachu wa ndimu haubaki ulivyo ukiingia bakulini. Juisi ya ndimu ina pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) ya 2 na kidogo, lakini embe bivu linaweza kufika 5, kitunguu kinazidi 5, na avokado iko juu ya 6. Ukichanganya vyote, ndimu imezimuliwa. Inapunguza kasi ya bakteria kuzaana, inachelewesha avokado kuwa nyeusi, inaleta ladha. Kusafisha haisafishi.

Na hili si la nadharia. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipochambua milipuko ya magonjwa ya chakula cha mikahawani kati ya 1998 na 2008, iligundua kwamba karibu mlipuko 1 katika kila 25 ambayo chakula chake kilijulikana ulitokana na salsa au guacamole (avokado iliyopondwa). Zote mbili hutiwa ndimu. Tatizo ni kwamba zinaliwa mbichi, hutengenezwa nyingi kwa pamoja, hukaa nje, na hupita mikono mingi. Isome tena sentensi hiyo ukiwafikiria wageni wako 40.

Ushauri wa jirani kuhusu maji ya chumvi haudhuru ukiwa kwenye tunda zima. Chumvi hufukuza wadudu wanaojificha kwenye majani, lakini kwa dakika 10 haiui bakteria. Kwenye tunda lililokatwa, tayari unajua itafanya nini. Mahali pekee ninapoitumia ni kwenye kitunguu: kikate, kifikiche na chumvi, kisuuze mara mbili kwa maji safi. Ule ukali unaotoa machozi unaondoka na maji, na kitunguu hakitameza ladha ya embe.

Kinachosafisha ni maji safi yanayotiririka na mkono unaosugua. Osha embe na nanasi kabla ya kumenya, hata kama ganda linatupwa, kwa sababu kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Nanasi lisugue kwa brashi. Kama bomba limekauka na unategemea mtungi au maji ya boza, mtu mmoja amimine kwa jagi na mwingine asugue; usiyatumbukize yote kwenye beseni moja la maji yale yale. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na hilo lisikutishe, yakichemka kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Wenye nyumba Limuru, juu ya mita 2,000, wayaache dakika 3.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Matunda yaliyopigwa na jua sokoni usiyatose kwenye maji baridi. Hewa iliyo ndani ya tunda ikipoa ghafla hunywea, na tunda likavuta maji kupitia kovu la kikonyo pamoja na chochote kilichomo. Mwaka 1999 Marekani ilikuwa na mlipuko wa salmonela uliohusishwa na maembe kutoka Brazil, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye hatua ya kuyatia maembe maji moto kisha maji ya kupozea. Yaache yapoe kivulini kwanza.

Dania na pilipili zinastahili uangalifu ule ule, pengine zaidi. Mwaka 2008 zaidi ya watu 1,400 waliugua salmonela huko Marekani, lawama zikaanguka kwanza kwenye nyanya, kumbe waliokuwa na kesi kubwa ni pilipili. Dania ifungue fundo, tupa mizizi, suuza shina kwa shina. Pilipili ukitaka ladha bila moto, toa ule utando mweupe wa ndani; ukali umekaa humo, mbegu zinasingiziwa tu.

Halafu ubao. Hapa ndipo shughuli nyingi za nyama choma zinapoharibikia, na ndimu haina lawama. Ubao uliokatiwa nyama mbichi, ukapanguswa kwa kitambaa, ukakatiwa kachumbari. Tenga ubao na kisu cha matunda tangu Ijumaa, uvifiche ikibidi.

Kwa watu 40 wenye nyama, ugali na mukimo mezani, kilo 4 za salsa zinatosha: maembe 8 ya wastani, mananasi 2 makubwa, vitunguu vyekundu 4, nyanya ngumu 5, matango 2, fungu kubwa la dania, pilipili 2 au 3, ndimu 6. Chumvi anza na vijiko 3 vidogo kisha uonje. Ijumaa jioni osha kila kitu na ukikaushe. Unaweza pia kumenya na kukata embe, ukalifunika na kuliweka kwenye friji peke yake, bila chumvi wala ndimu. Jumamosi asubuhi choma nanasi, kata vilivyobaki, kila kimoja kwenye bakuli lake, vyote kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini yake. Stima ikipotea, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Choma ikikaribia, changanya nusu tu. Nusu nyingine ibaki kwenye baridi mpaka bakuli la kwanza liishe, na ije na bakuli jipya. Usimwagie mpya juu ya iliyobaki. Ukitaka avokado, ikate wakati huo huo.

Bakuli likishakaa mezani saa 2, liondoe. Chini ya turubai lenye joto la nyuzi 32 na zaidi, saa 1. Najua inauma kumwaga embe, lakini iliyokaa nje haiokolewi na friji. Ile ambayo haikutoka kwenye baridi unaweza kuila Jumapili. Povu uliloliona siku ya tatu ni hamira za asili zilizokuwa zimeanza kuchachusha sukari, na ulifanya vyema kama hukuonja. Ujue tu kwamba vijidudu vinavyolaza watu hospitalini mara nyingi havitoi povu wala harufu, hivyo pua haitoshi kuamua.

Muwasho wa ulimi wako: kama ulikuwa wa ulimi tu na ukaisha ndani ya saa moja au mbili, ni nanasi. Kama midomo ilivimba, koo likakaza, au ulitokwa na vipele kuzunguka mdomo, hiyo inaweza kuwa mzio, wa nanasi au wa utomvu wa ganda la embe, na unahitaji daktari akuangalie kabla hujala tena. Pumzi ikipata taabu usingoje asubuhi. Baada ya shughuli, mgeni akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS. Aende hospitali akiona damu kwenye choo, akiwa na homa kali, akitapika kila anachokunywa, au choo kikiwa cha majimaji meupe kama maji ya mchele. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito wapelekwe mapema zaidi.

Biashara sasa. Salsa mbichi ukiitia kwenye chupa na kuifunga hujaihifadhi, umeifungia tu. Ndani ya chupa isiyo na hewa, chakula chenye pH zaidi ya 4.6 kinaweza kukuza bakteria wanaotoa sumu ya botulini, ambayo haionekani, haina harufu, na inapooza misuli hadi ya kupumua. Salsa yako ya embe inaweza kuwa upande wowote wa mpaka huo kulingana na embe lilivyoiva siku hiyo, na ulimi hauwezi kupima. Ya chupa inahitaji kipimo cha pH, kiasi cha siki au ndimu kilichothibitishwa, na kupikwa kwa joto na muda maalumu. Ikishapikwa hivyo inakuwa karibu na achari kuliko hicho unachokipenda. Na kabla haijaingia dukani itahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Mimi ningekushauri uanze na ya siku hiyo hiyo, kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, baridi, kwa wateja wa mtaani wanaonunua nyama choma wikendi. Hapo unahitaji leseni ya chakula ya kaunti na cheti cha afya cha mshika chakula. Afisa wa afya ya umma wa wadi yenu atakueleza utaratibu, na ni heri umwendee kabla hajakujia. Ukishapata wateja na bado unaitaka chupa, peleka sampuli KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, au kwa idara ya sayansi ya chakula pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, ambako si mbali na kwenu. Nenda na mapishi yaliyopimwa kwa gramu, kwa sababu swali lao la kwanza litakuwa hilo, na "fungu la dania" halitawasaidia.